Pua ya Evodia

Niseme wazi tangu mwanzo: Evodia nilimwonea wivu kabla hata ya mambo ya mbegu, tangu tukiimba kwaya moja pale Majengo. Sauti nzuri yake, mume mpole wake, na hata gauni la mtumba akilivaa yeye, watu waliuliza kalinunua wapi. Mimi nilikuwa Agnesi tu, yule rafiki yake Evodia.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipowaachia watu binafsi biashara ya mbegu, bwana Isdori alifungua ghala hapa Sumbawanga. Akatuajiri sisi wawili kufunga mbegu za mahindi kwenye mifuko, na Kasimiri, mume wa Evodia, akawa dereva wa lori lake. Mbegu halisi huja nyekundu kwa dawa, na ukifungua gunia inakuwasha pua mpaka upige chafya. Mwaka wa pili, siku moja, tulifunga tangu asubuhi na sikupiga chafya hata moja. Nikazunguka nyuma ya ghala. Nikakuta beseni la rangi nyekundu ya kutia mikeka na mahindi ya kawaida, yaliyotoka Laela, yameanikwa juani mekundu.

Mimi ndiye niliyegundua. Naomba hilo likumbukwe. Nilimwambia Evodia wakati tunakula, nikamfundisha na kunusa: sugua punje kiganjani kwanza, vumbi litoke, kisha vuta polepole. Nilimwambia kama umbea tu wa shoga kwa shoga. Yeye akaacha kula.

Wiki hiyohiyo akaenda kwenye mkutano wa wakulima kijijini Pito, kuku kwapani. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na watu walikuwa wameshanunua. Nilimfuata, na sitadanganya, nilitaka kumwona akiaibika.

"Kuku akila mbegu yenye dawa anakufa," alisema. "Huyu wangu nimemlisha mbegu ya ghala letu siku tatu. Leo asubuhi ametaga."

Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika. Mzee Modesti, aliyenunua mifuko mingi kuliko wote, akasimama. "Wewe mama, si wewe uliyefunga mifuko hii kwa mikono yako? Leo unatuletea kuku?"

"Shikamoo, baba. Ndiyo, nimeifunga mimi. Ndiyo maana nimekuja."

Bwana shamba akauliza kama ana shahidi. Evodia hakutaja jina. Alinitazama tu, na mkutano mzima ukanigeukia. Nilikuwa nimeona walivyokuwa wakimsikiliza, sauti yake ileile ya kwaya, na ukweli wangu mdomoni mwake. Ikaniuma sana.

Nikasema, "Mimi sijaona kitu."

Kesho yake Evodia hakuwa na kazi. Kasimiri naye akanyang'anywa lori. Akasema mdomo wa mkewe umemnyima usukani, akaenda zake Mpanda na huko akaoa mwingine. Kwaya ikamwambia apumzike kwanza, maana mabati ya kanisa alikuwa ametoa Isdori. Mahindi ya Pito yalipoota kwa kurukaruka, mengi yameliwa na wadudu ardhini, hakuna aliyemwomba radhi. Walisema yeye ndiye aliyewatia mkosi. Mimi nikapewa funguo za ghala.

Mnadhani wivu uliisha? Evodia alirudi Pito kwa mama yake, akawa analima vibarua. Baada ya misimu miwili nikasikia kwamba wakulima walewale wanampelekea mbegu azinuse kabla hawajapanda. "Umeshapeleka kwa pua ya Evodia?" ndivyo walivyoulizana sokoni. Pua ya Evodia! Na mimi niliyeifundisha pua hiyo, nani alinijua?

Basi nikachota mbegu ghalani, zile zilizotiwa rangi ya mikeka, nikazichanganya na vumbi la dawa lililobaki kwenye magunia ya zamani ili ziwashe. Nikaenda Pito, nikapanga foleni uani kwake. Nilitaka akosee mbele za watu, mara moja tu.

Alikuwa amekonda, na kanga yake imechakaa. Alinisalimia vizuri. Akazichukua mbegu zangu, akazisugua kiganjani, akapuliza vumbi, akavuta polepole.

"Haya ni mahindi ya kula," alisema.

Kisha akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni, bila hasira yoyote, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa shukrani. "Huyu ndiye Agnesi. Kule ghalani, wa kwanza kujua alikuwa yeye. Hata kunusa alinifundisha yeye."

Mzee Modesti alikuwa nyuma yangu, mfuko wake mkononi. Akanitazama vidole, vilivyokuwa vyekundu mpaka kwenye kucha.

Tangu siku ya kwanza nilitaka watu wajue hilo. Sasa walijua.