Firigisi za Zilpa

Andazi la kwanza ambalo Zilpa alipika pale Kebwena lilimng'oa Machage jino. Tuseme haki, jino lenyewe lilikuwa limelegea tangu Pasaka, na Machage ni mtu wa kulalamika hata akipewa bure. Lakini jino lilitoka, likabaki limekwama kwenye andazi, na Zilpa akaliangalia andazi badala ya kumwangalia Machage.

"Nilizidisha unga," akasema.

Najua kwa sababu nilikuwepo. Mimi ni Judith, fundi cherehani, mzaliwa wa Robanda, mahali ambapo tembo huvuna kabla ya mwenye shamba. Walipomaliza mtama wangu mwaka wa pili mfululizo, nilibeba cherehani nikafuata rashi, zile mbio za dhahabu. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye kilima cha Kebwena, upande wa Tarime, na watu walimiminika kutoka kila kona, hadi Wakenya waliojifanya wamepotea njia ya mpakani Sirari. Mchimbaji huchana suruali magotini kila wiki, kwa hiyo sikukosa kazi. Banda langu lilipakana na jiko la Zilpa. Kati yetu kulikuwa na turubai moja lenye tundu, na kupitia tundu hilo niliona, nilinusa, na mara nyingi nilionjeshwa.

Zilpa aliletwa na mumewe, Otiende, Mjaluo wa huko Utegi, mwanamume mpole mwenye ugonjwa mmoja tu: kesho. Kila jioni alipanda kutoka kwenye duara, yaani lile shimo lao la kuchimbia, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope na habari kwamba kesho dhahabu itaonekana. Sisi wengine tuliacha kuuliza. Zilpa naye hakujali sana kama kesho itafika, kwa sababu yeye alikuwa ameshapata alichokitaka. Alikuwa na jiko lake mwenyewe.

Usicheke. Kule kwa wakwe alipikia jiko la mama mkwe tangu alipoolewa, leo ugali na samaki, kesho samaki na ugali. Siku moja alitia karoti kwenye chapati. Mama mkwe akavitazama vile vidoadoa vyekundu, akatangaza kwamba chapati zina surua, akawapa mbwa. Zilpa aliponisimulia habari hiyo hakuwa anacheka. Kebwena alikuwa na mafiga matatu, sufuria mbili, mtoto wake Atieno mgongoni, na simu ya kupangusa, na kwake hayo yalikuwa ni utajiri.

Simu ndiyo iliyotuletea balaa. Zilpa alikuwa na binamu yake Migori, ng'ambo ya mpaka, anaitwa Beryl, na huyo Beryl alikuwa anatuma mapishi kwa sauti. Nilizifahamu zile sauti kuliko mahubiri. "Sis, hii ni rahisi tu sana," Beryl alikuwa akisema. "Chukua unga vikombe mbili. Ka huna maziwa, weka soda. Ka huna soda, weka maji. Ka huna maji, sasa wewe unataka kupika nini?"

Basi tukala mandazi ya soda, ambayo nimeshayataja. Tukala kitu kiitwacho pizza ya sufuria, ambacho kijana mmoja Mkurya, Heche, alikizunguka mara mbili kabla ya kuuliza ni nani aliyeitapikia ile chapati. Tukaja kwenye keki. Keki ya Beryl huokwa juu ya mchanga ndani ya sufuria kubwa, na Zilpa akateka mchanga mtoni. Keki ilitoka vizuri, sisemi uongo, ila asubuhi mchanga ulikuwa umeibiwa. Machage aliuona unametameta, akaupeleka mwaloni, kule wanakooshea mchanga wa mashimo, kuuosha akitafuta dhahabu. Alipata makombo.

Kisha Beryl akatuma mishikaki ya firigisi.

Sasa, kama kuna mtu asiyejua habari ya firigisi, sijui amelelewa na nani. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye mji. Moja tu, inawekwa juu ya mboga yake, na watoto wanaangalia mdomo wake unavyotafuna. Mwanamke hali. Kijana ambaye baba yake yu hai hali. Kwa Wajaluo ni hivyo, kwa Wakurya ni hivyo, na kwetu Robanda ni hivyo hivyo. Nimewahi kuona ndoa ikiyumba kwa sababu paka aliwahi sufuria kabla ya mume.

Lakini Beryl alisema mjini kwao zinauzwa kando ya barabara, na kule Tarime mjini zilikuwa zinauzwa kwa kilo, za kuku wa kisasa, zikiwa kwenye boksi lenye barafu. Zilpa alifikiri siku nzima. Jioni akaniambia kupitia tundu, "Judith, hapa Kebwena kuna baba wa nani?"

Nikafikiri. Vijana wote walikuwa wameacha baba zao nyumbani.

Siku ya kwanza walizitazama zile firigisi kwenye vijiti, nne nne, zikichuruzika mafuta juu ya mkaa. Heche ndiye aliyetangulia. Alitafuna huku amefumba macho, akanyoosha mgongo, akaongea kwa sauti nzito ambayo hatukuwahi kuisikia. "Mura," akamwambia Machage, kama mzee wa Kikurya anavyomwita kijana, "leta kiti."

Kuanzia hapo hatukulala njaa. Vijana walipanda kutoka mashimoni wakiwa matope matupu, wakala firigisi, wakawa wazee. Walikunja miguu na kutoa maoni kuhusu mvua. Mimi nilikuwa nikipanua viuno vya suruali zile zile nilizokuwa nikiziba magoti. Na aliyefaidi kuliko wote ni Nyangwine, muuza soda wa banda la tatu, kwa sababu kila aliyekula kwa Zilpa alikimbilia kwake na ulimi nje, akanywa kama ng'ombe aliyefika bwawa la Manchira wakati wa kiangazi. Nyangwine alimwombea Zilpa kila Jumapili. Hatukujiuliza kwa nini.

Halafu simu ikalia, na safari hii haikuwa Beryl. Ilikuwa ni Mzee Obura, baba yake Otiende. Mzee huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. "Nimesikia hakuna dhahabu," akasema. "Nakuja kuwachukua. Shamba halilimwi kwa kesho."

Otiende akainamisha kichwa. Baba yake akisema, yeye hutii. Zilpa aliingia bandani kwangu, akakaa juu ya rundo la suruali za watu, akalia. "Nitarudi kwenye ugali na samaki," akasema. "Judith, nitazeeka sijapika kitu." Nami nilimpenda yule mwanamke, nikalia pia, nikashona mguu wa kushoto wa suruali ya mtu ukafungika.

Tulipanga vizuri. Siku ya mzee, Zilpa angepika chakula cha heshima: kuku wa kienyeji, ugali wa muhogo na mtama, firigisi moja juu yake. Mzee angeona mkwe wake anajua kupika na anajua adabu, labda angelegea. Mishikaki ingepumzika, na vijana walionywa wale kwingine mpaka mgeni aondoke. Wote walionywa, isipokuwa Heche, aliyekuwa chini ya ardhi.

Mzee Obura alifika mchana kwa bodaboda, kofia kichwani, fimbo mkononi, vumbi jekundu mabegani. Tukampa shikamoo zake. Akakalishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo, akaletewa chakula, akaona firigisi yake imekaa juu mahali pake, akaguna kwa kuridhika. Zilpa alinitazama kupitia tundu, macho yanang'aa.

Hapo ndipo Heche alipojitokeza, matope hadi masikioni. "Mama Atieno," akaita, "nipe zangu, vijiti viwili!" Na kabla Zilpa hajapata la kusema, akainama mwenyewe, akafunua sufuria ilimofichwa mishikaki ya jana, akajipakulia. Firigisi nane.

Mzee Obura aliacha kutafuna. Nilimwona akipiga hesabu. Firigisi nane ni kuku wanane. Mtu anayechinjiwa kuku wanane kwa mlo mmoja, tena siku ya kazi, ni mtu wa namna gani? Mzee akasimama, akaondoa kofia.

"Kaa hapa," akamwambia Heche, akimwonyesha kiti chenye mgongo. "Mwenye mji hakai kwenye ndoo."

Heche alikuwa kweli anaelekea kwenye ndoo. "Shikamoo, mzee," akasema, akakaa kitini, maana ukiamriwa na mkubwa unatii.

"Marahaba. Ila usihangaike na shikamoo, sisi sote ni wazee. Mji wako una wake wangapi?"

"Bado natafuta, mzee."

"Unatafuta wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Mzee akakohoa kidogo. "Ng'ombe je?"

"Ni wa baba."

"Baba yako yu hai?"

"Mzima kabisa," Heche akasema, mdomo umejaa. "Mwezi uliopita alinichapa."

Mimi nilijificha nyuma ya cherehani. Mzee Obura aliiangalia sahani ya Heche, akaiangalia yake yenye firigisi moja iliyong'atwa nusu, akarudisha kofia kichwani.

"Mama Atieno!" Sauti ilifika kilimani. Otiende mwenyewe, aliyekuwa bado kule kuchimba, aliisikia, akaja mbio na sururu yake. "Baba wa huyu mtoto yu hai! Na nimemvulia kofia!"

Zilpa alipiga magoti. Watu wakajaa. Nyangwine alikuja na chupa ya soda mkononi. Mzee akasema mengi: kwamba amekuja kumwokoa mwanawe kwenye mashimo na kumbe shimo lenyewe ni hili jiko, kwamba hapa kila mtoto amekuwa baba, kwamba mizigo ifungwe leo leo. Otiende akaanza kukusanya sufuria. Huyo ndiye Otiende.

Heche alisimama, amejikunyata kama kuku wa mvua. "Mzee, nisamehe," akasema. "Kwetu kuku huchinjwa Krismasi. Tangu nikiwa mdogo naangalia mdomo wa baba. Wenzangu wanachimba wapate pikipiki. Mimi hii ndiyo niliyokuwa naitamani."

Hakuna kijana aliyemcheka, maana wote walikuwa wameangalia mdomo wa mtu. Mzee Obura akanyoosha mkono. "Lete nione," akasema.

Akachomoa firigisi moja kijitini, akaitia mdomoni. Akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena, polepole, na uso wake ukakunjana. "Mungu wangu," akasema. "Nani ameonja kitu hiki?"

Akatuelekezea fimbo mmoja mmoja.

"Wewe," akamwambia Heche, "huoni chumvi?"

"Mzee, nilidhani firigisi ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo," wakaitikia Machage na wenzake, kama kwaya. Kebwena nzima haikuwa na mtu aliyewahi kula firigisi nyumbani kwake, basi wangejuaje? Nyangwine aliificha chupa nyuma ya mgongo.

"Otiende, hukuonja?"

"Nitaonjaje, baba? Wewe bado upo."

Jibu lilimwingia mzee, niliona. Akamgeukia Zilpa. "Na wewe unayezipika kila siku?"

"Si chakula cha mwanamke, baba," Zilpa akasema, macho chini. "Mengine yote huonja. Hizi nakisia kwa harufu."

"Tangu ulipoanza?"

"Tangu nilipoanza."

Huyo ni mwanamke ambaye tuliogopa ataitwa hana adabu. Alikuwa amelisha kilima kizima kitu ambacho hajui ladha yake, kwa sababu ya adabu. Mzee Obura aliketi kwenye ndoo. Akaiweka fimbo katikati ya magoti. Kisha akachomoa firigisi nyingine, akaiweka juu ya mfuniko wa sufuria, akausukuma mfuniko mbele ya magoti ya mkwewe. Akageuka, akatupa mgongo.

"Mimi naangalia kile kilima," akasema. "Chochote kinachotendeka huku nyuma, sikioni."

Zilpa alinitazama. Nikampungia mkono: kula, mwanamke! Akaichukua kwa vidole viwili. Akatafuna kwa muda mrefu sana, machozi yakamlenga, na sisi wote tukashikwa na huruma tukidhani ni furaha.

"Baba," akasema, "chumvi imezidi."

Tulicheka mpaka Atieno akaamka mgongoni akaanza kulia. Hata Otiende alicheka, akarudisha sufuria chini. Mzee hakugeuka, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Basi punguza," akasema. "Kesho narudi nyumbani peke yangu. Mvua zikiisha nitakuja kuonja tena, na nisikute ujinga huu."

Zilpa akapitisha mkono kwenye tundu la turubai. Kwenye kiganja kulikuwa na firigisi moja. Nami niliinama chini ya cherehani kuokota kifungo ambacho hakikuwa kimeanguka, na huko chini nikala, mimi Judith wa Robanda, na ilikuwa tamu pamoja na chumvi yake yote.

Nilipoinuka, Mzee Obura alikuwa bado anaangalia kilima. Nimeishi na watu wengi wanaotafuta dhahabu pale, lakini sijaona mwingine aliyekitazama kwa muda mrefu hivyo.