Karanga Moja kwa Kila "Papa"

Safari nzima ilitugharimu makopo mawili ya karanga, pindo la kitenge kipya cha mama na, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, jina la baba yangu. Nimehesabu mara mbili, hakuna nilichosahau. Mpaka leo harufu ya karanga zinazokaangwa kwenye mchanga wa moto hunifanya nigeuze shingo kutazama kama nyuma yangu kuna mtu mwenye bunduki. Na mimi nauza vitenge sokoni Nyamianda, hapa Uvira, penye wakaanga karanga saba. Kwa hiyo shingo yangu inafanya kazi kutwa.

Nilikuwa na miaka kumi. Bibi, mama yake mama, alikuwa mgonjwa huko Baraka, na habari zilizotufikia zilisema anataka kumwona mtoto wake wa mwisho kabla hajafumba macho. Mtoto huyo wa mwisho alikuwa mjomba Saidi, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa akisoma Uvira na kulala chumba kimoja nasi. Baba hakuweza kusafiri. Alikuwa bandarini Kalundu akingoja boti iliyobeba samaki wake wakavu, na boti ya mtu asiyeingoja hufika nyepesi. Mama naye alikuwa ameapa, tangu siku aliyotapikia ziwani toka asubuhi hadi adhuhuri, kwamba hatapanda tena chombo cha majini. Ikabaki barabara.

Barabara hiyo ya kusini, siku zile, ilikuwa na tabia yake. Vijana wa kiume walikuwa wakiteremshwa kwenye magari na kubebeshwa mizigo ya watu wenye silaha mpaka juu milimani. Wengine walirudi baada ya wiki moja, mabega yamechubuka. Wengine mama zao waliendelea kuwawekea chakula kwenye sahani, kila jioni, kikapoa.

Wanawake wa sokoni walikuwa wamegundua dawa. Mwanaume aliyepakata mtoto alionekana ni baba wa watu, na baba, au papa kama tunavyosema kwetu, mara nyingi aliachwa. Sijui nani alijaribu kwanza. Ninachojua ni kwamba palikuwa na akina mama Nyamianda walioazimana watoto wa kunyonya kwa ajili ya safari, kama watu wanavyoazimana sufuria kubwa wakati wa harusi, na mtoto alirudishwa ameoga na amepakwa mafuta. Sisi hatukuhitaji kuazima. Tulikuwa na wadogo zangu mapacha, Hasani na Huseni, waliokuwa hawajatimiza miaka mitatu, na kila mmoja wao alikuwa na kelele za watu wawili. Nimehesabu: wanne.

Alfajiri ile mama alimvisha mjomba shati la baba. Mjomba alikuwa ameacha ndevu kwa wiki mbili, zikatoka kumi na moja. Kisha mama akanishika kidevu.

"Weye Zuhura, kazi yako iko moja. Batoto basilale, basilie, na bamuite Saidi papa. Ukishindwa, usinitafute."

"Na kama bakikataa?"

Akanikabidhi mfuko wa karanga. "Basi bakatalie hapa nyumbani, kabla ya Kalundu."

Tukakaa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, wote watano. Mama dirisha la upande wa ziwa, mimi katikati na Huseni mapajani, mjomba dirisha la upande wa mlima na Hasani mapajani. Kiti cha mbele kilikuwa cha magunia ya mchele ya shofere, dereva wetu, na nadhani magunia yalikaa vizuri kuliko sisi. Simu moja tuliyokuwa nayo, ile ndogo ya vitufe, ilikuwa ndani ya unga wa mihogo. Simu iliyoonekana barabarani ilikuwa imeshapata mwenyewe mwingine.

Ninyi mnaosafiri na watoto siku hizi mnampa mtoto katuni, naye anakuwa kimya mpaka mwisho wa safari. Mimi nilikuwa na karanga. Nikafungua shule yangu. Nilishika karanga moja juu, nikamwonyesha mjomba kwa kidole. "Huyu nani?" Hasani akasema, "Yomba." Nikaila karanga mimi mwenyewe, polepole, nikitafuna kwa sauti. "Huyu nani?" Tulipofika Makobola wote wawili walikuwa wameshajua biashara: ukisema Papa, unalipwa. Huseni, ambaye leo ni mchuuzi kama mimi, alijaribu kumwita shofere papa pia, akidai karanga ya pili. Shofere alicheka mpaka gari likapapasa ukingo wa barabara, na ziwa likaonekana karibu kuliko nilivyopenda.

Lakini watoto hawawezi kurudia neno moja kwa saa tano. Wakachoka. Hasani akaanza kulia kwa ile sauti nyembamba inayotangulia kilio chenyewe. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na ninaliandika kama lilivyo.

Mtaani kwetu mchezo wetu mkubwa ulikuwa bariere, kile kizuizi cha barabarani cha watu wenye silaha. Unavuta kamba kuvuka njia, mmoja huku mwingine kule, na kila anayepita anatoa kitu: embe, kipande cha muwa, kifungo cha shati. Asiyetoa harudi nyumbani kwao. Sote tuliucheza na hakuna mzazi aliyetukataza; mchezo ulikuwa umetoka barabarani, ukaja uani kwetu kama kuku wa jirani. Nikachana pindo la kitenge cha mama, nikampa Hasani ncha moja na Huseni ncha nyingine, kamba ikapita mbele ya kifua cha mjomba. Kila daraja, kila mti mkubwa, wanainua kamba na kupiga kelele, "Lipa kwanza!" Mjomba analipa karanga, kamba inashuka, gari linapita. Walicheka hadi wakashikwa na kwikwi. Mama hakutuona. Alikuwa amegeukia ziwa, midomo yake ikitembea katika dua, na vidole vyake vikihesabu kitu ambacho hakikuwa tasbihi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akihesabu bariere zilizobaki.

Mbili tulizipita vizuri. Mtu alitazama ndani, akaona mjomba amepakata mtoto, akapokea chake kutoka kwa shofere, akaturuhusu.

Ya tatu ilikuwa baada ya mto mmoja nisiopenda kuutaja. Hatukujua wale watu ni wa nani. Nguo zao zilikuwa za pande tatu tofauti. Chini ya ukingo, kando ya mizigo iliyofungwa kwa kamba, walikaa vijana wanne. Niliwahesabu mara mbili kwa sababu niliogopa kutazama kitu kingine. Hakuna aliyeinua kichwa.

Mkubwa wao alikuja upande wa mlima. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye mafua. Akainama dirishani kwa mjomba.

"Muko naenda wapi?"

Na kabla mtu hajafungua kinywa, wadogo zangu waliona walichokuwa wakikingoja tangu asubuhi: bariere ya kweli, yenye kamba ya kweli. Wakainua pindo la kitenge kwa pamoja, likakaa mbele ya uso wa yule mtu, na Huseni akasema kwa sauti niliyomfundisha mimi:

"Lipa kwanza!"

Shofere alizima injini. Sijui kwa nini. Nilisikia maji ya ziwa yakigonga mawe upande wa pili.

"Nani amemufundisha huyu mutoto?" yule mtu akauliza, taratibu. "Njo namna munatuchekelea kwenu?"

Kinywa changu kilikuwa wazi. Lakini sauti iliyosikika haikuwa yangu.

"Ni miye, shefu," akasema mjomba. "Tulikuwa tunacheza. Munisamehe."

"Weye nani?"

"Papa yabo."

Yule mtu alizitazama zile ndevu kumi na moja. Akalitazama shati, ambalo mikono yake ilipita vidole vya mjomba. Akafungua mlango. "Muweke mutoto chini. Shuka."

Mama akasema, "Shefu, tafazali," na hapo mtu mwingine mwenye bunduki akasogea upande wake. Mjomba akashusha mguu mmoja. Hakumweka Hasani chini. Alimkumbatia, na Hasani akamshika shingo. Wale vijana wanne sasa walikuwa wameinua vichwa, na mmoja akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu wa tano.

Yule mkubwa akamwinamia Hasani. "Mutoto, huyu njo nani yako?"

Hasani hakumtazama. Alinigeukia mimi. Alikuwa amefundishwa vizuri: hakuna neno kabla ya kuona malipo. Mkono wangu ukaingia mfukoni na kukuta ganda na vumbi, na chini kabisa karanga mbili. Nikatoa moja. Nilijaribu kuiinua chini chini, nyuma ya kiti cha mbele, kama mtu anayejikuna. Kipofu angeiona.

"Papa!" akasema Hasani.

"Papa! Papa!" akasema Huseni haraka, asije akapitwa na mshahara.

Yule mtu alisimama wima. Hakumtazama mjomba tena. Alinitazama mimi, muda mrefu, kisha akaingiza mkono garini na kuufungua mbele yangu. Niliiweka ile karanga kiganjani mwake. Akaitafuna.

"Na hiyo ingine."

Nikampa.

Alipenga kamasi kwa kidole, akangoja mjomba arudishe mguu ndani, akafunga mlango, polepole, akiangalia mguu wa Hasani usibanwe. "Muende," akasema. Na kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu: "Huo mchezo, wacha."

Shofere alijaribu ufunguo mara tatu kabla gari halijawaka. Nikatazama nyuma mpaka kona ikawafunika wale vijana wanne. Hapo mapacha wakaanza kucheka. Mjomba alikuwa anawarusha juu ya magoti yake, Hasani na sasa Huseni pia, aliyekuwa amehamia kwake, haraka haraka, juu chini, juu chini. "Moto! Moto!" wakapiga kelele, maana pikipiki kwetu ni moto, wakishika usukani wa hewani. Nami nikacheka. Nikasema moyoni, kumbe huyu mjomba angetufaa tangu asubuhi, karanga zangu zisingeisha. Mchezo ule uliendelea mpaka Mboko, na hapakuwa na mwingine uliowafurahisha hivyo siku ile.

Bibi alimwona mwanawe wa mwisho. Mapacha waliendelea kumwita Saidi papa kwa mwezi mzima, na baba, aliyeshinda Kalundu akipigana na wachukuzi, ilimbidi anunue karanga zake mwenyewe ili arudishiwe cheo.

Nilikuwa nimeshazaa mimi mwenyewe siku moja niliposikia risasi karibu, nikampakata mwanangu, naye akaanza kucheka akitaka tena, tena. Nikatazama chini nikaona magoti yangu yakimrusha yenyewe. Ndipo nikajua kwamba mjomba Saidi hakuwa anacheza na mtu. Hakuweza kuyasimamisha.

Wiki ijayo nashuka Baraka na watoto wangu wawili, mmoja wa miaka mitatu, mwingine hajafika miwili. Simu yangu kubwa yenye katuni itasafiri ndani ya unga. Barabara haijabadilika kiasi hicho. Nyimbo ninazo, na ndizi za kutosha. Lakini ninyi mliopita njia kama hizi na watoto wadogo mapajani, nawaomba mnishauri: magoti yenu mliyafanya nini?