Mawese Miguuni

Mke wangu akibandika mawese jikoni, harufu yake hunirudisha kwenye kiwanja chetu cha mchanga, nyuma ya soko la Rumonge. Kabla ya kila mechi kocha alitukalisha chini kwenye mstari, akachovya vidole katika bakuli la mawese ya vuguvugu, akatusugua miguu mmoja mmoja, kama mama. Hakuwa na maneno mengi. Sheria yake ilikuwa hii tu: "Mumoja akikosa, hakuna mwenye kucheza." Na tulikuwa tunashinda.

Siku ya fainali golikipa wetu alikuja amevaa koti la baba yake, anatetemeka kwa malaria. Kocha alimgusa shingo.

"Mwili yako iko moto sana, mutoto wangu. Rudi kwenu."

"Nikirudi, kocha, hawa hawatacheza."

Kocha aliutazama mstari wetu. Sote tulikuwa tunamtazama. Kisha akachovya vidole, akamsugua miguu.

Tulishinda. Tukambeba golikipa mabegani hadi ufukweni mwa ziwa tukiimba, na mapaja yake yakaniunguza shingo kama sufuria.

Tulimzika kabla ya wiki kwisha.

Mazoezi yaliyofuata tulikaa kwenye mstari, tukaacha nafasi yake wazi. Kocha alitusugua wote. Alipofika kwenye ile nafasi akapiga magoti, akabaki hivyo, mawese yakimdondoka vidoleni mpaka mchanga ukawa mwekundu.

"Mumoja amekosa," akasema. "Murudi nyumbani."