Bi Mwanarusi na Kisima cha Shungi

Bi Mwanarusi amejaza birika la kutawadhia la msikiti wetu kwa miaka ishirini na mitano, na mpaka mwaka jana hakuna aliyewahi kumwuliza lolote ila kama birika limejaa. Mimi ni mmoja wa wasiouliza, sijifichi.

Mwaka jana kisima chetu kiligeuka chumvi. Chai haikunyweka, hata mbuzi walisusa. Watu wakaanza kuhamia Ukunda, nyumba baada ya nyumba. Ummi, mdogo wake Bi Mwanarusi, ambaye hajawahi kutengana naye tangu utotoni, akasema Ijumaa ikifika bila maji matamu naye anaondoka.

Tamaa yetu ilibaki kwenye magofu ya Shungi, mji wa kale ulio msituni kusini ya Msambweni, ambako mvua ikinyesha huibua shanga na vigae vya sahani za Kichina. Mji wa wafanyabiashara haukosi kisima, ila kilikuwa kimefukiwa. Afisa wa makumbusho alituruhusu kutafuta, mradi tusiguse kuta. Basi sisi wanaume, wajuzi wa kila kitu, tukachimba siku tatu kando ya jumba kubwa kuliko yote. Tulisema tajiri hawezi kukaa mbali na maji. Tulichopata ni mizizi na malengelenge.

Jumatano akaja Bi Mwanarusi. Shimo letu hakulitazama. Alivua ndara, akaanza kutembea pekupeku kuuzunguka msikiti uliobomoka, akipapasa ardhi kwa nyayo. Tukacheka. Abubakar, fundi wetu wa kuchimba, akamwambia kisima hakitafutwi kwa miguu.

Nyuma ya ukuta akasimama, akasugua kisigino, uso wake ukang'aa.

"Abubakar, mwanangu, hili ni tumbawe la kusugulia miguu," alisema. "Watu walitawadha hapa. Birika liko hapa hapa, na mwenye kujaza birika hachoti mbali. Niulizeni mie."

Tulipoondoa udongo tukaona tumbawe, kisha ukingo wa birika, kisha, hatua nne tu, duara la mawe, mdomo wa kisima. Tulikizibua siku mbili kwa kupokezana, njaa hatuioni, na ndoo ya kwanza ya maji safi ilipopanda nililia, wala sioni haya.

Bi Mwanarusi hakuonja. Alikwenda nayo moja kwa moja kwa Ummi, aliyekuwa keshapakia kila kitu kwenye tuktuk na keshakaa. Ummi akanywa. Akanywa tena, akamgusa dereva begani.

"Baba, shusha mizigo."