Mashine Iliyokufa Wakati wa Maombi

Nzilani hakuizima koroboi usiku ule. Alipunguza utambi tu, akakaa jikoni kando ya sufuria ya muthokoi wa mahindi na maharagwe aliyoifunika kwa sahani, akisikiliza njia. Mbwa wa jirani akibweka, aliinuka. Mbwa akinyamaza, aliketi tena. Kiilu, mwanawe, hakuwa mtu wa kulala nje. Akichelewa ofisini mjini Kitui hutuma mtu amwambie mama. Ijumaa ile hakutuma mtu.

Mama aliyezika mume na mtoto mmoja hajiulizi kama kuna jambo. Hujiuliza ni lipi. Nzilani aliyapitia yote. Ule mwaka wa mvua za El Niño mito ilikuwa imekula madaraja, na watu walikuwa wakivuka kwa kushikana mikono. Labda ni mto. Labda ni malaria. Kisha akaukumbuka mkono wa Kiilu, na hapo akaacha kuhesabu mengine.

Kwa wiki kadhaa Kiilu alikuwa akirudi na mkono wa kushoto umeandikwa kwa kalamu ya bluu, kuanzia kifundo hadi kiwiko, tarakimu zilizochanganywa na herufi. Mara ya kwanza Nzilani aliwaza waganga. Mara ya pili akawaza kamari. Mara ya tatu alishindwa kuvumilia, akauliza.

"Ni maneno ya mwisho ya mashine, mwaitu," Kiilu alimjibu mama yake akicheka. "Kabla haijakata roho huandika kwenye kioo mahali inapoumwa. Lakini wenzangu wana haraka ya kazi. Huizima na kuiwasha upya kabla sijamaliza kunakili. Kila mara napata nusu."

"Na huo mkono huoshi?"

"Nikishahamisha, naosha."

Nzilani aliacha shule darasa la nne. Hakuyajua mambo ya kompyuta, lakini alimjua mtoto wake. Kiilu alipokuwa mdogo alifungua redio ya marehemu baba yake, akapanga vipande vyake vyote kwenye gunia, na alipochapwa hakulia. Aliomba tu vipande visisogezwe. Mtoto wa namna hiyo humpa mama yake fahari na hofu kwa kipimo kimoja.

Kulipopambazuka alisikia hodi. Alikuwa Ndululu, bawabu wa usiku wa ofisi ya kanisa alikofanya kazi Kiilu, anarudi kwake baada ya zamu.

"Karibu," Nzilani alisema. "Sema ukiwa umesimama."

"Yuko hai."

"Sijakuuliza hilo."

"Umeniuliza kwa macho, Mama Kiilu." Ndululu alivua kofia. "Pasta Kiema amemnyang'anya funguo jana. Walimkuta akiiua mashine kubwa, watu wote wakiwa kwenye maombi. Amekiri mwenyewe kwamba ni yeye. Chumba kimefungwa, na kamati itakaa Jumatatu."

"Basi kwa nini hakurudi nyumbani?"

"Ameketi mlangoni. Anasema mashine imeandika jambo kwenye kioo, na mtu akizima litapotea. Nimempa blanketi langu, hata asante hakusema. Anauangalia ule mlango kama mtu aliyekataliwa posa."

Nzilani alihamisha muthokoi kwenye bakuli lenye kifuniko, akajifunga leso na kushika njia ya mjini.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya kugawa mbegu na chakula kwa watu ambao mvua ilibeba matuta yao pamoja na shamba. Kompyuta tano ziliunganishwa kwa waya na moja kubwa iliyowekwa chumba cha peke yake. Mafaili yote yalikaa kwenye ile kubwa, na zile nyingine ziliyafungua kwa kupitia waya. Kiilu ndiye aliyezitunza. Tangu Januari ile kubwa ilikuwa na ugonjwa: ilikufa ghafla, na ikifa, zote tano zinaganda.

Tena ilikuwa ikifa karibu na saa nne, saa ya maombi. Kengele ilipolia, kila mtu aliinuka jinsi alivyo, faili likiwa wazi kwenye kompyuta yake, kwa maana Pasta Kiema hakuanza kabla benchi halijajaa. Kiilu peke yake alibaki kuilinda mashine. Wakirudi na kushika kazi tu, zote zinaganda. Maneno yakaanza. Mbona inakufa wakiiacha na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye asiyeomba? Nzilani alikuwa ameyasikia kanisani, yakisemwa kwa sauti ya chini kidogo tu, ile inayokusudiwa ifike.

Alimkuta Kiilu barazani, mgongo ukutani, macho mekundu. Chini ya mlango ulipita mwanga mwembamba mweupe.

"Umekula?"

"Bado inawaka, mwaitu. Angalia pale chini."

"Nimekuuliza kama umekula."

Alikula, lakini kama mtu anayejaza kikapu cha mwingine. Nzilani aliketi karibu naye. "Niambie. Uliiua?"

"Niliiua."

"Kiilu."

"Ugonjwa ukija wenyewe hunikuta sijajiandaa. Ilibidi niuite. Nilishajua unakoingilia." Aliliweka bakuli chini. "Chukua mfano. Mimi nimekula nusu, nikatoka kuitikia wito, na bakuli langu nimeliacha mezani. Nyuma yangu mtu anasafisha. Anaondoa bakuli na meza yenyewe. Nikirudi nanyoosha mkono gizani. Nyumba yenye akili ingeniambia, chakula chako hakipo. Hii haisemi. Inashika hewa, inaanguka na paa lote."

"Na nani anasafisha?"

"Muthoki. Yule karani. Kengele ikilia yeye hufuta kwanza mafaili ya zamani mle kwenye kompyuta, na makabati yanamokaa, hata kama mwingine ameyaacha wazi. Alilelewa hivyo, kwao hawaombi katika nyumba ambayo haijafagiwa. Wenzake wanaporudi kutoka maombini na kugusa kilichofutwa, mashine inakufa."

"Si umwambie pasta ni Muthoki!"

"Siyo Muthoki. Kufagia siyo kosa. Kosa liko ndani kabisa ya programu, kwenye kiini chake, kerneli, sehemu inayogawa mafaili kwenye waya. Jana nilifungua faili kwenye kompyuta moja, nikalifuta pamoja na kabati lake kwenye nyingine, nikarudi kuligusa. Ikafa pale pale, na kwa mara ya kwanza ikaandika yote, mstari wa mwanzo hadi wa mwisho. Nilikuwa natafuta kalamu Pasta alipoingia." Aliutazama mlango. "Nikinakili mistari ile, mwalimu wangu wa Nairobi ataona ni mahali gani hasa, na itarekebishwa. Bila mistari hiyo mimi ni mtu aliyeua mashine, basi."

Nzilani alielewa theluthi yake. Theluthi hiyo ilimtosha. Kazi ya mwanawe, na jina lake katika lile kanisa, vilikuwa vimewaka kwenye kioo nyuma ya mbao zile.

Nyumba ya mchungaji ilikuwa ndani ya ua ule ule. Pasta Kiema alimpokea vizuri, akamvutia kiti mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemzika mume wa Nzilani, na siku ile alilia kuliko jamaa wengine.

"Mama Kiilu, hata mimi sikulala," alisema. "Lakini nilimwona kwa macho yangu. Nikamuuliza, ni wewe? Akasema ni mimi, bila hata kuinamisha kichwa. Mtu akikosa huungama, tukamwombea, yakaisha. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya watu. Sasa yeye anakubali tendo na kukataa dhambi. Nitawaambia nini kamati?"

"Akiungama utafungua mlango?"

"Leo hii. Na Jumatatu nitamsemea, asifukuzwe."

Nzilani alirudi barazani na maneno hayo. Aliwahi kuona watu wengi wakiungama pale mbele, wengine mambo ambayo hawakuyatenda, mradi wapate kulala. Kwake lilikuwa jambo dogo kama kumeza dawa chungu.

"Sema tu, mwanangu. Maneno hayavunji mfupa."

"Nikisema ni dhambi, basi siruhusiwi kuirudia tena hata nikiwa na sababu. Na mgonjwa atabaki mgonjwa."

"Ukikaa hapa hadi Jumatatu utakuwa umepata nini?"

Hapo hapo stima ilipotea. Taa ya baraza ilizimika na redio ya kwa pasta ikakatika katikati ya wimbo. Mle ndani, nyuma ya mlango, kitu kikaanza kulia kama kifaranga: pii. Kikanyamaza. Pii.

Kiilu alikuwa amesimama tayari. "Ni betri ya akiba. Inaishikilia mashine. Mwaitu, haina nguvu ya kufika mbali. Mwambie aje na ufunguo. Mwambie nitasema."

"Utasema?"

"Mwambie aje."

Nzilani alikimbia kama msichana, leso mkononi. Pasta Kiema alipoambiwa kwamba Kiilu amekubali, uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli. Alivaa koti. Alitafuta Biblia, akakumbuka iko kwenye kiti, akairudia. Njiani alimshika Nzilani kiwiko. "Unaona? Ni usiku mmoja tu wa kuketi peke yake. Bwana anajua kuzungumza na mtu."

"Ndiyo, Pasta. Tuharakishe, Pasta."

Walipofika sauti ilikuwa bado inalia, lakini ilikuwa imeongeza haraka: pii, pii. Kiilu alikuwa wima kando ya mlango, mkono wa kushoto umekunjwa shati, kalamu kwenye mkono wa kulia.

"Nasikia una neno, ndugu yangu," alisema Pasta.

"Niliiua mashine kwa makusudi." Kiilu alisema kwa haraka, akiutazama ufunguo. "Niliwaficha wenzangu. Nilitenda dhambi. Nisameheni."

Nzilani ndiye aliyeyaomba maneno yale, na sasa yalipotoka hakutaka kuyasikia. Hakuwahi kumsikia mtoto huyu akisema uongo. Alikuwa anausema vibaya, kama mtu anayeongea lugha ya ugenini.

"Amina," alisema Pasta Kiema, macho yamelowa. "Umesamehewa. Tuombe."

"Pasta, kama ungefungua kwanza..."

"Tuombe kwanza, kijana wangu. Mlango hautakimbia."

Aliweka mkono wenye ufunguo juu ya bega la Kiilu na kufumba macho. Alishukuru kwa usiku uliopita salama. Alishukuru kwa mvua, hata ile iliyobeba mashamba, kwa kuwa mtoaji ni mmoja. Aliwaombea wageni wa ng'ambo waliotuma mashine, na watoto wao. Alimwombea mama mjane aliyelea peke yake. Kila alipovuta pumzi ilisikika ile pii pii mle ndani. Nzilani hakuwa amefumba macho sawasawa. Tangu ujana wake huomba na jicho moja likiwa kazini. Aliona midomo ya Kiilu ikitembea na akadhani anaomba, kisha akatambua kwamba anahesabu zile sauti. Aliona ufunguo begani, karibu na shingo, karibu kabisa na mkono wa Kiilu. Angeweza kuunyakua. Mkono haukunyanyuka.

Pasta alifika kwa kijana aliyepotea na kurudishwa.

Pii ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko zote. Kisha pakawa kimya, na ule mwanga mwembamba chini ya mlango ukaondoka.

Hapo ndipo Kiilu alipofumba macho, baada ya wengine wote. Pasta aliendelea. Aliiombea kamati hekima, akaiombea ofisi amani, na mwishowe akasema amina kwa sauti nzito ya mtu aliyemaliza kazi njema. Nzilani aliitikia kwa mazoea. Kiilu hakuitikia.

"Haya sasa," alisema Pasta Kiema kwa upole, akiingiza ufunguo. "Ingia ukaangalie mashine yako."

Kufuli ilikuwa ngumu kwa kutu ya mvua. Aliizungusha mara mbili. Mlango ukafunguka, ukatoa joto na harufu ya vumbi lililoungua. Mle ndani kulikuwa giza, na Kiilu alisimama kizingitini na kalamu yake, mkono wake mtupu umenyooshwa mbele yake.