Jarida Langu Lililoonekana Mtego wa Wezi

Nacheka sasa, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze, na ninawaambia ninyi tu kwa sababu mmeahidi hamtanitania (najua mtanitania).

Mimi ni sekretere, yaani katibu, wa ushirika wa wakulima wa mpunga wa Sange, ila naishi Uvira, na kila mwezi natengeneza kijarida chetu, kurasa tatu za PDF, nawatumia wanachama kwenye simu. Tena ni mtu wa kushuku. Toleo moja nililijaza maonyo juu ya wezi wa mitandaoni: mtu akikutumia faili usiyoizoea, kwa namba ngeni, akikuharakisha na kukuahidi zawadi, usifungue, hata akisema ni mimi. (Hayo ya mwisho niliyaongeza kwa madaha.)

Mwezi uliofuata nikapata habari kubwa: agronome, mtaalamu wa kilimo, angekuja Alhamisi na mbegu mpya, chache tu, na asipokuta watu angezipeleka kwingine. Mpunga wetu ulikuwa umeharibiwa na ugonjwa, kwa hiyo nilitaka waje wote, na PDF nikaiona imepoa mno. Nikataka video ya mbegu icheze ndani ya ukurasa na akina mama wasikike wakiimba, basi nikaacha PDF, nikatengeneza faili ya html, kama ukurasa wa intaneti, yenye kila kitu, kwangu ikafunguka vizuri, nikajipongeza peke yangu. Simu yangu ikagoma kuituma, nikaazima ya shemeji, nikamtumia kila mwanachama na maneno haya: “Fungua haraka kabla ya kuja hangari Alhamisi, iko zawadi yako ndani. Ni minye, Sekretere.”

Hakujibu hata mmoja. Hapo nikaanza kumshuku Mama Feza, rais wa ushirika wetu, maana aliwahi kusema kijarida kina picha zangu nyingi kuliko za mpunga (kweli, zilikuwa nne). Nikajiambia, huyu anawazuia watu.

Alhamisi nikafika Sange na agronome na gunia lake, tukakuta hangari ya ushirika, ghala letu la mpunga, tupu kabisa.

“Wanachama wako wapi?” akaniuliza.

“Ni rais wetu,” nikamwambia bila hata kushusha sauti. “Huyo mama ana wivu, ananifitini.”

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatokea Mama Feza mwenyewe na wazee wawili wa komite, mmoja ameshika kamba, na nyuma yao wauza mihogo wa sokoni waliokuja kutazama mwizi akikamatwa.

“Papa Bahati!” akasema Mama Feza. “Weye uko nafanya nini hapa? Tuko nangoja mwizi. Iko muntu anajifanya weye.”

Akanionyesha simu. Faili yangu ilikuwa pale, alama ya karatasi tupu, haijaguswa.

“Ni minye nilituma,” nikasema.

“Na mwizi naye alisema vile,” akajibu mzee wa kamba, wala hakucheka.

Mama Feza akavaa miwani, akatafuta kijarida changu cha nyuma, akasoma onyo lote mbele ya soko zima, polepole, mpaka “hata akisema ni mimi”. Wauza mihogo wakapiga makofi. Wanachama walikuwa wamejifungia nyumbani, wakiamini mwizi anataka watoke ili aingie kwao. Nikawapigia, wakanikatia simu mmoja baada ya mwingine. Mama Feza akaanza kuwapigia yeye, lakini agronome alikwisha kutazama saa, akabeba gunia lake akaenda Bwegera, kwa wakulima wengine.

“Na mimi,” Mama Feza akaniambia kwa sauti ndogo, “nilikuja kulinda jina yako.”

 Kila nikipita Bwegera nauona mpunga wao umesimama vizuri, nageuza uso.

Siku hizi kijarida ni PDF na picha moja ya shamba. Sauti natuma peke yake, na anayeanza kusema ni Mama Feza, kwa kuwa yeye wanamwamini. Na kumsema tena mama yule nyuma ya mgongo wake, nimeapa, sitathubutu hata hangari iwe tupu namna gani.