Wagonjwa Wawili, Namba Moja

Pale zahanati walimwita Fundi, ingawa ni mwanamke na hajawahi kushika nyundo. Programu ya kusajili wagonjwa aliitunga yeye, na kwa miaka mitatu haikumtia aibu. Hadi Jumatatu ile muuguzi mkuu alipomwekea kadi mbili mezani.

"Hebu soma mwenyewe, mwanangu. Bibi wa kisukari na mwalimu aliyevunjika mguu, wote namba 4118. Nusura nimchome mwalimu insulini."

Fundi akazichukua kadi zote mbili. Akajifungia ofisini, akasajili wagonjwa wa uongo thelathini, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja akapata namba yake. Akainuka, akaketi, akainuka tena. Mumewe akapiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula," akadanganya.

Mchana akaenda kusimama nyuma ya makarani wawili wa mapokezi. Foleni ilikuwa ndefu, madirisha yote mawili yako wazi. Ndipo akili ikamjia: ugonjwa huu ulitaka watu wawili, naye alikuwa akiutafuta peke yake.

"Dada zangu, nikisema tatu, fungueni fomu mpya pamoja. Moja, mbili, tatu!"

Skrini zote mbili zikaandika 4163, na zote zikakubali kuhifadhi.

"Mafahali wawili zizi moja!" karani mmoja akacheka.

Fundi hakucheka. Kosa lilikuwa lake. Programu ilitazama namba ya mwisho, ikaongeza moja, kisha ikamsubiri karani ajaze fomu. Akiwa bado anajaza, mwenzake naye alipewa ileile. Akabadilisha: namba itoke pale tu karani anapohifadhi, na ikijirudia ikataliwe. Wakajaribu mara hamsini. Hakuna iliyogongana.

Roho haikutulia. Akasaka namba za zamani zilizojirudia, akapata jozi tisa. Siku mbili akapekua kadi na muuguzi mkuu, wakipiga simu. Nane zikatenganishwa. Ya tisa ilikuwa ya mama aliyepewa majibu ya damu ya mtu mwingine, na simu yake haikupatikana. Alhamisi Fundi akaenda mwenyewe kubisha hodi.

"Mama, mimi ndiye niliyeharibu namba yako. Ule upungufu wa damu haukuwa wako."

Mama akamkazia macho. "Na vidonge nilivyomeza wiki mbili?"

"Ndiyo maana nimekuja. Twende ukapimwe upya."

Wakaenda pamoja zahanati, mama akatolewa damu. Daktari alipotoka kusema mama hakudhurika, Fundi aliegemea ukuta wa korido.